Kipaji kimoja kikija mara mbili: renja wa ngazi ya pili afanye nini?

"Assalaam aleikum mwalimu. Sisi ni vijana watano wa Amu, tunacheza Pathfinder toleo la kwanza, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kila Ijumaa baada ya Isha, kwenye daka la nyumba ya mjomba wangu, Mkomani. Mjomba ndiye anayeendesha mchezo. Vipaji, yaani uwezo maalumu wa mhusika, tumevipa majina yetu: Endurance ni Ustahimilivu, Diehard ni Roho Ngumu, Point-Blank Shot ni Mlengo wa Karibu, Precise Shot ni Mlengo Makini, Rapid Shot ni Mishale ya Haraka. Mhusika wangu ni binadamu, renja wa ngazi ya pili, mpiga upinde. Ngazi ya kwanza nilichagua Mlengo wa Karibu na Ustahimilivu, kwa sababu naitaka Roho Ngumu na sharti lake ni uwe na Ustahimilivu. Ngazi ya pili nikapata Mishale ya Haraka kwa njia ya fani, yaani kazi ya mhusika. Juzi nasoma ukurasa wa renja, naona ngazi ya tatu fani inatoa Ustahimilivu bure, nami ninao tayari! Rafiki yangu anayecheza D&D toleo la tano, mchezo ndugu wa huu wetu, anasema ukipewa kitu mara mbili unachagua kingine. Mwingine anasema zinajumlishwa, nyongeza yangu ya kuvumilia jua na kiu itakuwa nane badala ya nne. Mjomba amesema kilichoandikwa kimeandikwa, na sitaki kubishana naye mbele ya wenzangu. Nafikiria ngazi ya tatu nihamie fani ya mpiganaji ili nisipate hasara. Safari yetu ijayo ni siku nne nchi kavu, jua kali, visima vichache. Nifanyeje?"

Waalaikum salaam, mwanangu. Umeniandikia kila ninachohitaji, na nakushukuru, maana wengi huniambia "mhusika wangu ameharibika" bila hata kunitajia ni toleo gani. Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma ni ile nafasi. Ngazi ya kwanza binadamu ana nafasi mbili tu za kuchagua vipaji, na moja umeitumia kwa kitu ambacho ungekipata bila jasho muda si mrefu. Hasara ipo, sitakuficha. Ni ndogo kuliko unavyodhani, na inarekebishika. Ila kwanza niwashughulikie hao marafiki zako wawili.

Wa nane badala ya nne ameshika nusu ya kanuni. Pathfinder hugawa nyongeza kwa aina: kuna za ari, kuna za silaha iliyotiwa uchawi, kuna za kukwepa, na nyingine nyingi. Mbili za aina moja kwa kawaida hazijumlishwi, unatumia iliyo kubwa, na zile za kukwepa ni miongoni mwa chache zilizosamehewa. Halafu zipo nyongeza ambazo hazikutajwa aina, na hiyo +4 ya Ustahimilivu ni mojawapo. Hizi hujumlishwa kweli, lakini kwa sharti kwamba zitoke vyanzo tofauti. Wewe chanzo chako ni kimoja, kipaji kilekile kilichoandikwa mahali palepale kitabuni, hata kama kimekufikia kwa njia mbili. Ukilipa nauli mara mbili, boti haikufikishi Mokowe mara mbili. Isitoshe, sura ya vipaji inasema waziwazi kwamba mtu akiwa na kipaji kilekile zaidi ya mara moja faida zake hazijumlishwi, isipokuwa maelezo ya kipaji chenyewe yaruhusu. Vipo vinavyoruhusu: kile cha kubobea katika silaha moja unaweza kukichukua tena, ila kila mara kwa silaha nyingine. Ustahimilivu hausemi chochote cha namna hiyo. Utabaki na nne.

Huyo wa D&D ya tano anakumbuka kanuni ya kweli, ila ameipeleka kusikokuwa kwake. Katika kitabu cha wachezaji cha 2014, ukipata ustadi mmoja kutoka sehemu mbili, tuseme fani inakupa ustadi wa kunyata na historia ya mhusika inakupa huohuo, unaruhusiwa kuchagua ustadi mwingine wa aina hiyo. Hiyo ni kanuni ya ustadi, haihusu vipaji. Kuhusu vipaji, kitabu hichohicho kinasema huwezi kuchukua kimoja zaidi ya mara moja ila maelezo yake yakiruhusu, basi. Pathfinder toleo la pili, la 2019, nalo lina upole kama huo kwenye stadi, na nadhani ndiyo sababu watu wengi huamini kuwa ni sheria ya michezo yote. Toleo lenu ni la 2009, limejengwa juu ya D&D 3.5 ya 2003, na wazee wa kanuni zile walikuwa wachoyo kidogo: kama hawakuandika kwamba unafidiwa, hufidiwi.

Na ushahidi kwamba hawakusahau ni huu. Zipo fani ambazo maelezo yake yanasema kabisa, kama mhusika tayari anacho kipaji hiki, achague kingine badala yake. Waandishi waliijua sentensi hiyo na waliitumia walipotaka. Kwa renja na Ustahimilivu wake wa ngazi ya tatu, haipo. Kwa hiyo mjomba wako, kwa maandishi, yuko sawa.

Pengine unajiuliza kwa nini fani igawe kipaji ambacho mtu angeweza kujichagulia. Jibu ni kwamba fani huuzwa jumla. Renja ni mtu wa porini, na waliomtunga walitaka kila renja aweze kukesha, kutembea na kuvumilia kiu, hata yule ambaye mchezaji wake hakulifikiria hilo. Sasa, Ustahimilivu ni kipaji ambacho wachache hukigharamia kwa nafasi yao wenyewe, kwa sababu faida yake inategemea mwendesha mchezo ataleta jua na kiu au la. Kwenye meza nyingi miezi inapita haujatumika. Ndiyo maana ukawekwa ndani ya fani, usije ukamlazimu mchezaji kuchagua kati ya kuwa renja wa kweli na kuwa renja anayelenga shabaha.

Hapa ndipo nataka usome polepole, maana ndipo penye kiini cha shida yako. Ulichukua Ustahimilivu mapema ukidhani sharti la kipaji lazima liwe limetimia kabla ya kufika ngazi ya kukichagua. Sivyo. Kitabu kinaruhusu uchukue kipaji katika ngazi ileile unapopata sharti lake. Ngazi ya tatu fani inakupa Ustahimilivu, na kwa kuwa ni ngazi isiyogawanyika kwa mbili, unapata pia nafasi ya kipaji cha hiari. Unaandika Ustahimilivu, mstari wa chini yake unaandika Roho Ngumu, jioni moja. Ungefika Roho Ngumu wakati uleule hata kama ngazi ya kwanza hukuugusa Ustahimilivu kabisa.

Anayekuwa na sababu ya kuuchukua mapema ni yule anayetaka vyote viwili, Ustahimilivu na Roho Ngumu, palepale ngazi ya kwanza, kwa zile nafasi mbili za binadamu. Huyo amenunua ngazi mbili za kuwahi, na kurudiwa na kipaji baadaye ni bei aliyoijua. Wewe hukufanya hivyo.

Tupime sasa ulichonacho mkononi, kwa sababu siku nne za jua si mchezo, hata mezani. Joto likizidi nyuzi 90 za Fahrenheit, yaani karibu 32 za Selsiasi (siku za kaskazi Amu zinafika bila taabu), kila saa mhusika anarusha dadu kuukinga mwili dhidi ya kiwango cha 15, na kiwango kinapanda moja kwa kila saa iliyotangulia. Akishindwa, anapata madhara yasiyoua ya dadu moja ya pande nne. Mwenye vazi la vita anakatwa nne zaidi. Tuseme renja wako ana Siha, yaani alama ya uimara wa mwili, 14: kinga yake ni +5. Saa ya kwanza anahitaji kumi au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini, pande kumi na moja ndizo zake. Akiwa na Ustahimilivu anahitaji sita, pande kumi na tano. Saa ya nne kiwango ni 18. Bila kipaji ana pande nane, akiwa nacho ana kumi na mbili. Kiu nayo: anaweza kukaa bila maji siku moja na juu yake saa zilizo sawa na alama yake ya Siha, kisha kila saa anajaribiwa kuanzia kiwango cha 10 kinachopanda vilevile. Na akilazimika kuogelea, kila saa majini anatafuta kiwango cha 20 au anachoka. Kote huko nne yako inafanya kazi. Mjomba wako akiwa mtu wa kuhesabu visima, na naona ni mtu wa namna hiyo, basi kipaji chako hakijalala bure.

Lakini hebu tazama upande wa pili wa karatasi. Ukipiga mshale penye watu wanaopigana ana kwa ana, na mmoja wao ni mwenzako, unakatwa nne kwenye dadu ya shabaha. Kila mshale, kila pambano, mpaka upate Mlengo Makini. Mishale ya Haraka inakutoza mbili nyingine kwa kila mshale wa zamu hiyo. Mlengo wa Karibu unakurudishia moja kama adui yuko ndani ya futi 30. Kwa hiyo ukifyatua miwili kwenye kundi lililobanana, unaanza na hasi tano. Upinde wako sasa hivi una mkosi, na nafasi iliyokwenda kwa Ustahimilivu ndiyo ingeuondoa, maana sharti la Mlengo Makini ni Mlengo wa Karibu, nao unao.

Hilo la kuhamia mpiganaji liache. Si kwamba renja mwenye ngazi moja ya mpiganaji ni mhusika mbaya. Shabaha yake haishuki, na anapata kipaji cha vita cha ziada. Ila sababu yako ya kuhama ni mbovu. Utachelewesha eneo analolijua renja, linalokuja ngazi ya tatu, na mnyama mwandani au agano na wenzake pamoja na uchawi wake mdogo, vinavyokuja ngazi ya nne. Utakosa pia ile nukta ya uhai au ya ustadi unayopewa kila unapopanda ngazi ya fani uliyoipendelea. Na siku ukirudi kwenye urenja, Ustahimilivu utakuwa unakungoja palepale mlangoni. Zaidi ya hayo, mpiganaji anaruhusiwa mavazi mazito ya vita, nayo ni mtego kwako: vipaji vya mtindo wa vita wa renja, kama Mishale ya Haraka uliyopewa ngazi ya pili, hufanya kazi ukiwa na vazi jepesi, la kati, au bila vazi. Ukivaa zito, Mishale ya Haraka inazimika mpaka ulivue.

(Hapo ndipo utaona kuna marudio yasiyo ya hasara kabisa. Mtu aliyechagua Mishale ya Haraka kwa nafasi yake ya hiari hafungwi na vazi. Ya kwako ya fani inafungwa. Ustahimilivu wa renja hauna kifungo hicho, kwa hiyo nakala yako ya pili haina hata faida hiyo.)

Njia nyingine ni mkondo, yaani fani ileile iliyobadilishwa kidogo, wa renja wa mjini, ulio katika kitabu cha nyongeza cha 2010. Huyo ngazi ya tatu hapewi Ustahimilivu, anapewa uwezo wa kutambua na kutegua mitego. Kwa mhusika wa vichochoroni angenoga, na ule Ustahimilivu wako wa hiari ungekuwa na maana yake. Ila mkondo huo hubadilisha stadi za fani tangu ngazi ya kwanza, kwa hiyo ingekuwa kumjenga upya nusu, na mwenye safari ya siku nne nyikani simwoni akifaidika na ujuzi wa mitaa.

Ninayokushauri ni kujifunza upya. Kanuni zake zipo katika Ultimate Campaign, kitabu cha 2013 cha Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, na ni za kuchagua, yaani mwendesha mchezo anazikubali au anaziacha. Mhusika anakaa siku tano na mtu mwenye kipaji anachokitaka, analipa dhahabu kumi mara ngazi yake mara idadi ya siku, kisha anabadilisha cha zamani kwa kipya ambacho masharti yake ameyatimiza. Kwako ngazi ya pili ni dhahabu 100. Ngazi ya tatu ni 150. Utabadilisha ule Ustahimilivu wa hiari upate Mlengo Makini. Wa fani haubadilishiki kwa lolote ulitakalo, kwa sababu kilichotoka kwa fani lazima kipokewe na kitu ambacho fani hiyohiyo ingekuruhusu.

Ubadilishe sasa au usubiri? Ukibadilisha sasa unaokoa dhahabu 50, na hakuna wa kukuuliza neno, kwa sababu bado huna kipaji kinachoutegemea Ustahimilivu. Lakini safari ikianza kabla hujafika ngazi ya tatu, utaingia juani bila ile nne. Ukisubiri, hutapungukiwa nao hata siku moja. Na dhahabu yenyewe haitaumiza kama ya sasa: mali ya kawaida ya mhusika wa ngazi ya pili kwa jedwali la kitabu ni dhahabu 1,000, ya ngazi ya tatu ni 3,000, kwa hiyo 100 ya sasa ni sehemu ya kumi na 150 ya baadaye ni sehemu ya ishirini. Kikwazo cha kusubiri ni kimoja: kanuni inakataza kubadilisha kipaji ambacho ni sharti la kingine ulicho nacho, na wakati huo Roho Ngumu utakuwa nayo. Jibu lake ni kwamba Ustahimilivu wa fani ndio unaoishikilia. Naona jibu hilo linatosha, ila mwombe mjomba alikubali mapema, kabla ya dhahabu kutoka mfukoni. Mimi ningesubiri.

Mjomba, basi. Usimwendee Ijumaa usiku watu wakiwa wamekaa. Nenda siku nyingine baada ya Alasiri, peke yako, ukiwa na kitabu na karatasi yako, umsalimie ipasavyo, na usiombe kufidiwa. Ukiomba kipaji kingine bure unamweka pabaya: akikupa wewe, kesho wanne wengine watafunua karatasi zao. Muulize tu kama katika dunia yake watu hujifunza upya. Yeye amesema kilichoandikwa kimeandikwa, na hili nalo limeandikwa, lina bei yake na siku zake. Mpe kazi ya kupendeza pia: mwambie akutafutie mwalimu ndani ya hadithi, mpiga upinde mzee mahali fulani mnakopita, mwenye Mlengo Makini na mwenye sababu ya kukufundisha. Waendesha mchezo wengi hukataa ombi la kanuni na kukubali ombi la hadithi. Na kama mezani yupo mpiganaji, kumbuka kwamba yeye kuanzia ngazi ya nne, na kila baada ya ngazi nne, anaruhusiwa na fani yake kubadilisha kipaji kimoja cha ziada bila malipo. Msimwonee choyo.

Akikataa kabisa, mwanangu, kubali. Hapo ningebadilisha mpangilio: ngazi ya tatu chukua Mlengo Makini, Roho Ngumu iache mpaka ya tano. Najua unaipenda, vijana wote wanaipenda. Inakuwezesha kusimama na kupigana ukiwa chini ya sifuri, lakini kila tendo la nguvu linakula nukta moja ya uhai, adui anaendelea kukuona mzima, na hasi ikilingana na alama yako ya Siha umekufa. Mpiga upinde anayejua kusimama nyuma huihitaji mara chache. Mlengo Makini utauhitaji kila Ijumaa.

Kuna mambo siwezi kuyaona kutoka hapa Malindi. Kama karatasi yako ilijazwa kwa programu ya simu, au kitabu chenu ni nakala ya kunakili yenye kurasa za 3.5 ndani yake, baadhi ya niliyosema yatayumba. Renja wa 3.5 naye hupata Ustahimilivu ngazi ya tatu, ila mtindo wake wa vita haukubali hata vazi la kati, na kujifunza upya kwake kumo katika kitabu cha pili cha wachezaji cha 2006, hufanyika mhusika anapopanda ngazi. Hilo halimalizwi kwa maandishi. Kaeni na mjomba, au na mchezaji mkongwe yeyote aliye karibu, karatasi zote tano mezani na kitabu kimefunguliwa, mhakikishe nyote mnatoka toleo moja.

Na ukirudi nyumbani, kando ya kila kipaji kwenye karatasi yako andika kilikotoka: "hiari", "fani" au "mtindo wa vita". Mishale ya Haraka iandikie mtindo, na pembeni yake "si kwa vazi zito". Ustahimilivu wa ngazi ya kwanza uandike kwa penseli.